Mistari Minne: Adabu ya Kupamba Wasifu Mtandaoni na Haki ya Msomaji

Katika nyumba nyingi siku hizi kila kijana aliyefikia umri wa kumiliki simu ana mahali pake mtandaoni ambapo ameandika jina lake na maneno machache ya kujitambulisha. Mahali hapo huitwa wasifu. Wapo wanaouandika kwa unyoofu: jina, mji, shughuli. Wapo pia wanaoupamba kwa nyota, mataji, maua, mabawa, na herufi zilizopindwapindwa hata jina la mtu likawa gumu kusomeka kuliko mwandiko wa daktari. Mzazi akiuliza, huambiwa kwamba hayo ni mambo ya kisasa asiyoyajua.

Ama kwa hakika, mambo hayo yana umri mkubwa kuliko wengi wa vijana wanaoyatetea. Swali la kiasi gani cha mapambo kinamfaa mtu katika maelezo yake ya mtandaoni liliulizwa katika vyuo vikuu vya Marekani tangu miaka ya 1970, wakati ambapo kioo cha kompyuta hakikuonyesha picha wala rangi, ila herufi tupu. Walioulizana walikuwa wahandisi, wahadhiri na wanafunzi. Haja yao kubwa ilikuwa kuendesha mashine, na adabu ikazaliwa njiani, kwa kukerana na kusuluhishana. Tumeona inafaa kuieleza adabu hiyo kwa kirefu, kwa sababu watu wale walitambua mapema jambo ambalo vijana wetu, na baadhi ya wazazi wao, bado hawajalitia akilini: mapambo ya mwandishi hulipiwa na msomaji.

Hodi kwa kidole

Tuanze na chuo kikuu cha Stanford, takriban mwaka 1971. Katika maabara yake ya akili mnemba palikuwa na kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Mtu alipotaka kujua nani yupo kazini, aliita orodha ya watumiaji, akapitisha kidole juu ya kioo akitafuta alama ya mwenzake. Mtafiti Les Earnest aliiona adha hiyo, akaandika programu iliyotaja majina kamili ya watu pamoja na habari za lini walionekana mara ya mwisho. Akaiita Finger, maana yake kidole.

Baadaye programu hiyo iliongezewa faili ndogo iliyoitwa Plan, yaani mpango. Kusudio lake lilikuwa la kawaida sana. Mtu anayesafiri au anayefanya kazi saa zisizo za kawaida aandike humo atapatikana wapi na lini, ili anayemtafuta asihangaike. Lakini mpe mwanadamu ukuta mtupu ulio wake, hautakaa mtupu. Haukupita muda mrefu watu wakaacha kuandika mipango ya safari, wakaanza kuandika mizaha, semi, malalamiko juu ya hali ya dunia, na michoro iliyoundwa kwa nukta, mistari na mabano. Desturi hiyo ikahamia katika kompyuta za mfumo wa Unix, ambako kila mtumiaji aliweza kuwa na faili ya mpango aliyoijaza apendavyo, na pamoja nayo faili nyingine ya mradi ambayo kwa desturi ilionyesha mstari mmoja tu. Kwa maoni yetu, hizi ndizo kurasa za wasifu za awali kabisa katika mtandao.

Sasa lizingatiwe jambo hili. Faili ya mpango haikumwendea mtu yeyote. Ilikaa kwa mwenyewe, na aliyetaka kuisoma alilazimika kuandika amri na jina la mhusika, sawa na mtu anayepiga hodi mlangoni. Aliyepiga hodi akakuta sebule imejaa mapambo hakuwa na sababu ya kulalamika, kwani alikuja mwenyewe. Ndiyo maana adabu ya faili ya mpango ilikuwa nyepesi, na watu waliruhusiana mengi. Katika miaka ya 1990 John Carmack, mtengenezaji mashuhuri wa michezo ya kompyuta, alitumia faili yake ya mpango kuandika marefu juu ya kazi yake ya kila siku, na watu wakaifuata kwa hamu kama wanavyofuata makala za gazeti. Hakuna aliyemwambia afupishe.

Mkia wa barua

Mambo yalikuwa tofauti kabisa katika Usenet. Mtandao huo uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa chuo kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, uliwawezesha watu wa vyuo mbalimbali kubadilishana maandishi katika vikundi vya majadiliano, kila kikundi na mada yake. Mtu alipotuma ujumbe, kompyuta yake iliambatisha chini yake maneno aliyokuwa ameyaandaa mara moja: jina lake, chuo chake, anwani, pengine na tamko kwamba maoni haya ni yake binafsi wala si ya mwajiri wake. Maneno hayo yaliitwa sahihi. Ulikuwa wasifu wa mtu, lakini wasifu unaotembea: kila alipozungumza uliburutwa nyuma ya maneno yake kama mkia.

Na mkia ukaanza kukua. Mmoja aliongeza usemi wa mwanafalsafa, wa pili akaongeza semi tatu. Mwingine alichora jina lake kwa herufi kubwa zilizoundwa kwa alama ndogondogo, kila herufi ikichukua mistari 6 au 7. Wengine walichora paka, majoka, ramani za nchi zao na panga. Ikafika hali ambapo mtu anajibu swali kwa maneno mawili, “Ndiyo, nakubali,” kisha yanafuata mapambo ya mistari 20.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza, kuna ubaya gani? Mistari 20 ni kitu gani? Tufanye hesabu. Modemu ya kawaida ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilipokea takriban herufi 240 kwa sekunde kupitia laini ya simu. Mstari mmoja wa kioo ulichukua herufi 80, kipimo kilichorithiwa kutoka kadi za matundu za kampuni ya IBM. Basi sahihi ya mistari 20 iliyojaa ni herufi 1,600, sawa na takriban sekunde 7 za kusubiri. Mtu anayesoma jumbe 50 kwa siku, na kila mmoja una mkia wa namna hiyo, atatumia zaidi ya dakika 5 akitazama mapaka na mapanga ya watu, yaleyale aliyoyaona jana, huku simu ikihesabu gharama. Sahihi ya mistari minne ingemgharimu dakika moja na sekunde chache kwa jumbe zote 50. Na huyo ni msomaji mmoja. Ujumbe wa Usenet ulinakiliwa katika kila kompyuta iliyopokea kikundi husika, ukachukua nafasi katika diski zilizonunuliwa kwa fedha za watu wengine kabisa.

Hapo ndipo ikatoka desturi ya mistari minne. Ilijulikana kwa jina la kipimo cha McQuary: mistari isiyozidi minne, kila mmoja usiozidi herufi 80. Baadhi ya programu za kutumia habari zilikataa kabisa kuambatisha sahihi iliyovuka hapo. Mwaka 1995 mwezi Oktoba, desturi hiyo iliandikwa katika waraka wa miongozo ya adabu za mtandao unaojulikana kwa namba 1855, ulioandaliwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel kwa niaba ya kikundi cha kazi cha wahandisi wa intaneti. Waraka huo haukuleta falsafa ndefu. Ulisema sahihi iwe fupi, na kwamba kwa kukadiria isizidi mistari minne, ukatoa na sababu: watu wengi hulipia mawasiliano yao kwa dakika, na kadiri ujumbe wako unavyorefuka ndivyo wanavyolipa zaidi. Waraka huohuo ulitahadharisha kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu kunaonekana kama kupayuka, na ukashauri mistari iwe mifupi ya herufi 65 ili isikatike vibaya katika vioo vya wengine.

Tunaomba wazazi waizingatie sababu ile iliyotolewa. Waraka haukusema kwamba mapambo ni mabaya, wala haukumkataza mtu kupenda paka. Ulichouliza ni nani anayelipa. Sisi ambao kazi yetu ya kila wiki ni kubandika matangazo katika ubao wa msikiti tunaielewa hoja hiyo vizuri: ubao ni mmoja, na kila tangazo lililopambwa kwa maua kwenye pembe zake nne linachukua nafasi ya tangazo la mtu mwingine aliyekuja na karatasi yake ndogo kuuliza kama pamebaki mahali.

Pamoja na kipimo hicho ilikuwepo adabu nyingine ambayo sisi tunaiona nzuri zaidi, ijapokuwa ni ndogo mno. Kabla ya sahihi, mwandishi aliweka mstari wenye vistari viwili na nafasi moja tupu baada yake, basi. Alama hiyo iliyaambia mashine kwamba maneno ya ujumbe yamekwisha na kinachofuata ni mapambo ya mwenyewe. Programu ya msomaji iliweza kuyaficha, kuyapaka rangi hafifu, au kuyakata wakati wa kujibu ili yasirudi tena katika mazungumzo. Kwa maneno mengine, mwandishi alimpa msomaji njia ya kupita. Henry Spencer, mmoja wa waliojenga programu za Usenet, aliieleza alama hiyo katika rasimu yake ya mwaka 1994, na mwaka 2004 ikatajwa tena katika waraka wa viwango namba 3676. Vistari viwili na nafasi moja! Wapo watu wanaohudhuria vikao mwaka mzima wasipate utaratibu mwepesi kama huo wa kutenganisha hoja na majigambo.

Waliofundisha kwa kejeli

Si kila kilichofanywa kwa jina la adabu kilikuwa cha adabu. Mnamo mwaka 1991 alitokea mtumiaji mgeni aliyejiita kwa jina la kutisha la mbabe wa vita, na chini ya kila ujumbe wake aliweka mchoro wa upanga mkubwa uliojaa kioo. Wazoefu walimkejeli, kisha wakaanzisha kikundi kizima cha kujifanya mashabiki wake, ambamo sahihi ndefu na mbaya zilikusanywa na kuchambuliwa mstari kwa mstari kwa sifa za uongo. Kitendo cha kumwanika mtu kwa ajili ya sahihi yake kikapata na jina lake maalumu katika lugha ya watu wa kompyuta, na michoro yenyewe ikaitwa kwa ufupisho uliomaanisha mchoro mkubwa wenye sura mbaya.

Waandishi wengi wa historia ya mtandao huyasimulia haya kwa kucheka. Sisi hatuoni la kuchekesha sana. Aliyekuja na upanga wake huenda alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, amekaa mbele ya mashine asiyoijua, amejifunza leo kuunda picha kwa herufi na anataka ulimwengu uione. Angeweza kuambiwa faraghani kwa sentensi moja: ndugu, watu hulipa kwa dakika, punguza. Badala yake aliwekwa uwanjani. Na jambo la ajabu ni kwamba waliokuwa wakimkejeli walitumia maelfu ya mistari kulalamikia upotevu wa mistari, na baadhi yao wakajichorea sahihi ndefu kuliko ya kwake kwa mzaha. Mzazi anayesoma kwa sauti wasifu wa binti yake mbele ya shangazi na binamu ili wamcheke, amechukua upande wa wale.

Kwa upande mwingine, ni haki kueleza kwa nini wazoefu walikuwa na hasira. Kwa miaka mingi wageni wa Usenet walikuja kwa wimbi moja kila Septemba, vyuo vilipofunguliwa. Wanafunzi wapya waliharibu haribu kwa wiki kadhaa, wakaelekezwa, wakatulia. Ilipofika mwaka 1993 na 1994 kampuni za kibiashara, AOL ikiwa mojawapo, zikawafungulia wateja wao njia ya kuingia, wageni wakawa wanakuja kila siku ya mwaka. Waliofundisha walizidiwa na waliohitaji kufundishwa, na desturi zilizokuwa zikipokezanwa kwa mdomo zikahitaji kuandikwa. Waraka wa Hambridge ulitoka katika hali hiyo.

Pambo lenye kufuli ndani yake

Tumesema kwamba katika faili ya mpango watu waliruhusiana mengi. Ulikuwepo mpaka mmoja hata huko, nao haukuhusu urefu. Vioo vya kompyuta vya wakati ule vilitii alama maalumu zisizoonekana: alama fulani ilisogeza maandishi, nyingine ilifuta kioo, nyingine ilifanya herufi ziwakewake. Mafundi waliziingiza alama hizo katika faili zao za mpango ili anayebisha hodi akutane na mchoro unaotembea. Ilipendeza. Lakini alama zilezile ziliweza kumbadilishia mgeni mpangilio wa kioo chake, au kumharibia kazi aliyokuwa akiifanya. Ndiyo maana waraka namba 1288 wa Desemba 1991, ulioandikwa na David Zimmerman kueleza utaratibu wa Finger, ulishauri programu ichuje kila alama isiyoweza kuchapwa na kubakisha herufi za kawaida tu, ili kuwalinda wasomaji na wenye kucheza na vioo vya wengine.

Onyo hilo lilisahauliwa, na kusahauliwa kwake kukaonekana waziwazi mwaka 2005. Wakati huo vijana wengi wa Marekani walikuwa katika MySpace, mtandao ulioanzishwa mwaka 2003. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mtu aliweza kuandika ndani ya wasifu wake maagizo ya kuunda kurasa: akabadilisha rangi ya ukuta, akaweka muziki unaolia mgeni anapoingia, akatawanya nyota zinazodondoka. Kurasa nyingi zilikuwa na maandishi ya waridi juu ya ukuta mwekundu, zisizosomeka hata na mwenyewe. Hilo lilikuwa kero tu. Hatari ilikuwa kwamba palipo na ruhusa ya kupamba kwa maagizo, panaweza kupita na agizo lisilo la kupamba.

Kijana wa miaka 19, Samy Kamkar, alikuwa akitafuta njia za kuuremba wasifu wake kupita mipaka iliyowekwa, kwa mfano kuweka picha zaidi ya idadi iliyoruhusiwa. Katika kutafuta huko alipata njia ya kuficha programu ndani ya ukurasa. Kila aliyeufungua wasifu wa Samy alimfanya Samy rafiki yake bila kukusudia, na katika wasifu wake mwenyewe yakaongezwa maneno ya kumsifu Samy kuwa ndiye shujaa wake, pamoja na programu ileile, ambayo ilimngojea mgeni wa pili. Aliianzisha tarehe 4 Oktoba 2005. Katika muda usiotimia saa 20 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameambukizwa, na MySpace ikalazimika kufungwa kwa muda ili isafishwe. Kamkar alikiri kosa mbele ya mahakama ya Los Angeles mwaka 2007, akahukumiwa uangalizi wa miaka 3 na kazi za kuitumikia jamii. Baadaye alijulikana kama mtafiti wa usalama wa kompyuta.

Hatusemi kwamba kijana anayeweka ua katika wasifu wake yuko katika njia hiyo. Tunasema kwamba wasifu ni sebule, na mgeni anayeingia sebuleni ana haki ya kutoka akiwa na mali yake yote aliyoingia nayo. Leo kampuni nyingi haziruhusu tena maagizo ndani ya wasifu, na sehemu kubwa ya sababu ni mambo ya aina hii. Lakini bado vijana wetu hupakua programu ndogo za kutengeneza majina ya kupendeza, na nyingine kati ya hizo huomba ruhusa ya kusoma majina ya watu walio katika simu, ruhusa ambayo kazi ya kupinda herufi haiihitaji hata kidogo. Mzazi aliye na muda wa dakika tano aitazame orodha ya ruhusa hizo.

Herufi zisizosomeka kwa sikio

Tumebakiwa na jambo moja, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote yaliyotangulia.

Kompyuta nyingi za zamani zilijua alama 128 tu, zilizopangwa katika kiwango cha ASCII, na kati ya hizo zilizoweza kuchapwa zilikuwa 95. Herufi za Kiarabu hazikuwamo. Vijana wa Misri na wa nchi za Ghuba walipoanza kuandikiana katika miaka ya 1990 walijisaidia kwa tarakimu: 7 ikasimama mahali pa ha na 3 mahali pa ain, kwa kufanana kwa maumbo. Mazoea hayo yapo hata leo, ijapokuwa sababu yake imekwisha. Ulipokuja mpango wa Unicode, unaokusudia kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake, dhiki hiyo iliondoka. Kiarabu kikapata mahali pake, na toleo la mwaka 2003 liliingiza hata Bismillahi kamili kama alama moja. Vijana wengi huiweka mwanzoni mwa wasifu. Upana wake katika baadhi ya simu huyasukuma maneno yaliyo jirani nayo. Hukumu ya kuandika maneno matukufu mahali pa mapambo tunawaachia masheikh wetu, kwani si kazi ya katibu.

Katika mwaka 2001 Unicode ilikuwa imeingiza pia fungu la herufi kwa ajili ya wanahisabati: A nene, A ya kulala, A ya mwandiko wa mkono, A ya kale, kila moja na namba yake, kwa sababu katika milinganyo A nene na A ya kulala huweza kuwa vitu viwili tofauti. Ni hizi hasa ambazo vijana wetu huzitumia wanapoandika majina yao kwa mwandiko wa kupendeza. Kwa jicho linaonekana ni jina. Kwa mashine ni mfuatano wa alama za hesabu.

Kwa mwenye macho haidhuru. Lakini yupo msomaji asiyeona, naye hutumia programu inayomsomea kioo kwa sauti. Akikutana na jina la herufi za kawaida, hulisikia. Akikutana na jina lililopambwa, baadhi ya programu humtajia kila herufi kwa cheo chake kirefu cha kihesabu, moja baada ya nyingine, hata jina la silabi tatu likawa hotuba. Nyingine huziruka herufi hizo zote, akasikia kimya mahali penye jina la mtu. Wasioona wa enzi ya Usenet walikuwa na taabu iyo hiyo: mchoro wa paka ulisomwa kwao kama mabano, nukta, mkwaju, nukta, nyota. Tofauti ni kwamba wakati ule vilikuwepo vistari viwili vilivyomwambia kwamba ujumbe umekwisha na anaweza kuacha kusikiliza. Leo pambo limeingia ndani ya jina lenyewe, hana pa kulirukia.

Katika kila mtaa wapo wazee waliopoteza nuru ya macho kwa kisukari au kwa mtoto wa jicho, na wapo vijana waliozaliwa hivyo. Ni wanachama wa makundi yaleyale ya WhatsApp ya familia, ya madrasa na ya msiba. Taarifa ya mazishi ikitumwa na mtu ambaye jina lake ni safu ya alama za hesabu, mzee huyo atasikia habari bila kumjua aliyeileta.

Hivyo tunapendekeza jaribio ambalo halina gharama. Katika simu nyingi za Android imo programu ya kusoma kioo iitwayo TalkBack, na katika iPhone imo iitwayo VoiceOver. Zote mbili zinapatikana katika mipangilio, sehemu ya ufikivu. Kabla ya kuiwasha, jifunzeni kwanza namna ya kuizima, maana ikiwa imewashwa kugusa kioo hubadilika na wengi hubabaika. Kisha kaeni pamoja, mzazi na mtoto, fumbeni macho, na muufungue wasifu wa kila mmoja kwa zamu, wa baba na wa mama ukiwemo. Sikilizeni wenyewe. WhatsApp inampa mtu nafasi ya herufi 139 za kujieleza, chini ya nusu ya ile mistari minne ya zamani, na ndani ya herufi hizo mtu anaweza kusema jina lake, mji wake, shughuli yake na saa anazopatikana. Ua moja mwishoni, baada ya maneno kwisha, litasomwa “ua” na halitamchosha mtu.